Mambo ya Nyumbani: Kwa Habari ya Barua Zisizo Zetu



Mwezi huu twajibu barua tatu kwa pamoja. Walioziandika hawajuani, nao wakaa mbali mbali, lakini swali lao ni moja. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili ni mama mjane mwenye watoto wanne. Wa tatu ni mzee wa kanisa anayeshika ufunguo wa sanduku la posta la parokia yake. Wote wauliza hivi: mtu akiandika anwani yangu kuwa ni yake, naye hakai kwangu wala hakuniomba ruhusa, nifanye nini? Tumeona yafaa kulijibu mbele ya watu wote, kwa maana tumesikia habari za nyumba nyingi zilizopatwa na jambo hili zikanyamaza kwa haya, na haya hiyo ndiyo iliyowapa nafasi wenye hila.

Kwanza tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Kwetu Afrika ya Mashariki barua haikuzoea kwenda nyumbani kwa mtu. Ilikwenda posta, ikalala katika sanduku mpaka mwenye ufunguo aje, na sanduku moja liliwatosha watu wengi: walimu wote wa shule, Wakristo wa parokia nzima, hata ukoo wenye matawi saba. Kijana aliyemaliza masomo akaomba kazi aliandika jina lake, kisha "kupitia kwa Mwalimu Fulani", kisha S.L.P. na namba. Alipoitwa kazini aliletewa habari hiyo Jumapili mlangoni pa kanisa, na mwenye sanduku alifurahi kana kwamba ameajiriwa yeye. Hakuna aliyeliita jambo hilo wizi. Vijijini desturi hiyo ingalipo, nasi hatutaki kuivunja.

Illa yatazameni maneno yale "kupitia kwa". Yalisema kweli yote: sanduku si langu, mwenyewe ni fulani, naye ataniletea. Aliyeandika hivyo hakumdanganya mtu awaye yote, na aliyemtafuta alijua ni nani wa kumwuliza.

Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti, serikali ya Tanzania ilifanya kazi kubwa ya kuzipa nyumba namba na barabara majina. Nyumba ina namba yake, barabara ina jina lake, kata ina postikodi yake ya tarakimu tano, na habari hizo zimewekwa katika mfumo wa serikali uitwao NaPA. Ni kazi njema. Mgonjwa aweza kufuatwa na gari, na mzigo waweza kuletwa hata mlangoni. (Tena tumewaona watu wanaokipangusa kibao kile cha namba kila asubuhi, na mlango wenyewe una vumbi la mwaka jana.) Lakini anwani ya namna hii haionyeshi sanduku huko posta. Yaonyesha mlango, na nyuma ya mlango vitanda vya watoto. Aandikaye namba ya nyumba yako hasemi, "Niandikieni kupitia kwa fulani." Asema, "Hapa ndipo nilalapo. Mkinitaka, njoni hapa." Nao watakuja hapo, wakukute wewe.

Watu wafanyao hivyo si wa namna moja, wala haifai kuwahukumu kwa namna moja. Yuko mpangaji aliyehama akasahau kuwaarifu wanaomwandikia. Huyo hana kosa kubwa, na simu moja yatosha. Yuko jamaa atafutaye shule ya mtoto au barua ya utambulisho, ambaye aona ndugu yake akaa mahali pafaapo, akajiandikisha hapo. Yuko mwenye biashara asiyetaka ijulikane iko wapi. Na yuko mkopaji. Kwa habari ya huyu wa mwisho tutakaa kidogo, kwa sababu ndiye aliyemliza mama yetu mjane.

Mama huyu atuandikia kwamba mtoto wa shemeji yake alikuja kwake mwaka jana kutafuta kazi mjini. Akampokea, akamlaza na wanawe, akamlisha majuma matatu, kisha kijana akaenda zake kwa amani. Miezi miwili baadaye wakaja watu wawili kwa pikipiki, wana karatasi yenye jina la kijana na namba ya nyumba ya mama. Wakasimama uani wakanena kwa sauti ili majirani wasikie. Wakasema deni lisipolipwa watachukua cherehani, nacho ndicho kinachowalipia watoto sare na madaftari. Majirani wakamshauri, "Lipa kidogo, mama, waondoke, dawa ya deni ni kulipa." Akawapa shilingi 40,000 alizoweka kwa ajili ya mtihani wa mwanawe. Wakaenda. Mwezi uliofuata wakarudi.

Walirudi kwa sababu walipewa. Mdai akipewa fedha mlangoni, huandika moyoni mwake kwamba mlango huu hulipa. Majirani walisema kweli kwamba dawa ya deni ni kulipa, ila dawa hunywewa na aliye mgonjwa. Twamwambia mama huyu, na wote walio kama yeye, asitoe tena hata senti moja. Mkataba humfunga aliyeutia sahihi. Nyumba haikopi. Ikiwa hukukopa, hukumdhamini mkopaji, wala hukuweka kitu chako rehani kwa ajili yake, basi huna deni, hata kama jina la barabara yako limeandikwa mara kumi katika karatasi zao. Wakusanyaji hawana amri ya kubeba kijiko chako.

Hata mambo yakifika mahakamani, sheria haikumwacha mwenye nyumba. Dalali wa mahakama hutumwa akamate mali ya mdaiwa aliyetajwa katika hukumu, si mali ya kila aliyemkuta njiani. Na kama akikosea akakamata mali ya mwingine, sheria za mashauri ya madai, za Tanzania na za Kenya, zampa mwenye mali njia ya kwenda mahakama ile ile kupinga, aonyeshe kwamba vitu ni vyake. Ataonyesha kwa nini? Kwa stakabadhi. Kwa hiyo mama, stakabadhi ya cherehani usiifungie sukari. Iweke pamoja na vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa vya watoto, mahali pasipovuja.

Walakini kuna neno moja la kujichunguza kabla hujasema huhusiki. Watu wengine hutia sahihi kwa wema, wakiambiwa, "Ni karatasi tu, wataka shahidi." Kisha waona kwamba walitia sahihi ya mdhamini. Huyo hali yake ni nyingine, naye amtafute mwanasheria au msaidizi wa kisheria upesi. Hatuwezi kumwambia hana deni.

Sasa mama aanze wapi? Twaona aanze na kijana mwenyewe, wala asianze na polisi. Huyu ni mtoto wa nyumba. Lakini asinene naye peke yake, wala asinene kwa fumbo. Awaite watu wawili wa ukoo, mmoja awe mzee ambaye kijana amwonea haya, kisha ampigie simu mbele yao. Tumeombwa na wengine tuonyeshe jinsi ya kusema, basi na iwe kama hivi:

"Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Wamekuja watu kukudai, na karatasi yao ina namba ya nyumba yangu. Ni wewe uliyeiandika?"

"Mama mdogo, nisamehe. Waliniuliza nakaa wapi, nami nilidhani ni kwetu."

"Ni kwenu kwa kula na kulala, na ukija kesho utakula. Kwa kukopa si kwenu. Baba yako mkubwa yupo hapa anasikia. Nataka uwaendee kabla ya Ijumaa, uwape anwani ya mahali ukaapo kweli, nao waniandikie kwamba wameiondoa yangu."

Angalieni kwamba hakumtukana wala hakumfukuza katika ukoo, na tena hakumwachia nafasi ya kudhani kwamba yamekwisha kwa machozi. Alitaja siku. Vijana wengi wakitajiwa siku mbele ya mzee hutengeneza mambo. Asiyetengeneza, au asiyepatikana kwa simu, amekwisha kumpa mama ruhusa ya kwenda mbele.

Kwenda mbele ni kwa maandishi. Mama ajitafutie daftari, aandike kila siku waliyokuja, majina waliyojitaja, walichosema, na nani alikuwapo. Aandike na zile shilingi 40,000, zilitoka lini na ni nani aliyezipokea. Kisha amwandikie mkopeshaji mwenyewe, si wale wa pikipiki. Barua isiwe ndefu. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja. Mimi niliyetia sahihi hapa chini ndimi nikaaye katika nyumba namba …, barabara ya …, kata ya …. Watu wenu wamekuja kwangu kumdai …. Mtu huyu hakai hapa. Alikuwa mgeni wangu tangu … hata …. Sikukopa kwenu, sikumdhamini, wala sikutoa ruhusa anwani yangu iandikwe. Nawaomba mwiondoe katika habari zake na kunijibu kwa maandishi. Nakala kwa Mwenyekiti wa Mtaa."

Afanye nakala tatu. Moja aipeleke kwa mkopeshaji na kuomba igongwe muhuri ya kupokelewa; moja kwa mwenyekiti wa mtaa, au wa kijiji kwa walio mashamba; ya tatu aiweke nyumbani. Wasomaji wetu wa Kenya watakwenda kwa chifu au naibu wake. Kiongozi huyo ndiye ajuaye ni nani akaaye nyumba gani, na barua yake yenye muhuri yafunga midomo mingi. Tena asingoje mpaka wadai waje mara ya tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni wa karatasi, nao ni mgumu kuubomoa kuliko wa matofali. Nao wakija tena na kutisha, au wakigusa kitu, hapo ndipo polisi waitwe, na daftari lile lionyeshwe.

Kuna na sheria mpya ambazo watu wengi hawajazisikia, nasi twaomba walimu wawasomee wazazi mkutanoni. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa sheria hizi mahali ukaapo pahesabiwa katika habari zako binafsi, na anayeziweka katika vitabu vyake hana budi kuziweka za kweli. Zikiwa za uongo, unayo haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe. Akikataa, Kenya yuko Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Tanzania iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nao hupokea malalamiko. Wala si maneno matupu. Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya alimtoza mkopeshaji mmoja wa mikopo ya simu shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kuwa alitumia majina na namba za watu alizopata kwa wengine, akawapelekea vitisho juu ya madeni. Waliotishwa walilalamika, wakasikilizwa.

Turudi kwa barua zenyewe, zile zinazokuja kwa jina la asiyekaa kwako. Mwalimu wetu auliza kama yafaa azifungue ili ajue lililomo. La, asizifungue. Barua ni ya yule aliyeandikiwa, hata ikiwa imepotea njia, na katiba za nchi zetu, ya Tanzania katika ibara ya 16 na ya Kenya katika ibara ya 31, zalinda mawasiliano ya mtu kama zilindavyo maskani yake. Huwezi kudai maskani yako iheshimiwe huku ukipasua bahasha za mwenzio. Asizichome pia, maana huenda atakuja kuulizwa ziko wapi. Wala asizirundike juu ya kabati, kwa kuwa barua zisizorudi humfanya aliyezituma aamini kwamba zimefika. Aandike juu ya bahasha, kwa kalamu inayosomeka, "Hakai hapa", na tarehe, azirudishe posta au kwa aliyezileta, na katika daftari aandike zimetoka kwa nani. Hayo aweza kuyajua kwa nje ya bahasha.

Habari ya mwalimu ina jambo zaidi. Mtu aliyesoma naye chuo aliandikisha biashara akaweka nyumba ya mwalimu kuwa mahali pa biashara hiyo, na sasa zaja barua za kodi. Mwalimu aona haya kumwambia mwenzake. Rafiki, haya hiyo iweke kando leo hii. Ofisi ya kodi haina njia ya kujua kwamba wewe ni mwema. Yajua tu kwamba katika vitabu vyake biashara ipo kwako. Mwambie mwenzako aibadilishe anwani ndani ya juma moja. Kisha, hata akiahidi, wewe mwenyewe nenda katika ofisi ya kodi iliyo karibu, ukiwa na kitambulisho chako na barua ya mwenyekiti wa mtaa isemayo kwamba hapo ni nyumba ya kukaa na biashara hiyo haipo. Na kumbuka kwamba kutoa habari za uongo kwa mtumishi wa serikali ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Aliyedanganya ni mwenzako. Ila afisa akija akakuuliza, nawe kwa kumstahi ukasema, "Ndiyo, yupo, ametoka kidogo," neno hilo limekuwa lako.

Wako na wasomaji wenye watoto Uingereza, ambako barua hutiwa nyumbani kila mlango, na huko jambo hili ni la kila siku, kwa sababu wapangaji huhama hama. Huko nako deni humfuata mtu kwa jina lake, halishiki nyumba; mtoto wenu asiogope kwamba aliyekaa chumba kile kabla yake amemharibia jina. Aandike juu ya bahasha kwamba mtu huyo hayupo, airudishe katika sanduku la barua bila kutia stempu. Tena wako wenye hila wanaoandikisha kampuni kwa anwani ya mtu wasiyemjua kabisa. Tangu tarehe 4 Machi 2024 sheria ya huko yaitaka kila kampuni iwe na anwani ifaayo, mahali ambapo barua zake zapokelewa kweli, na mwenye nyumba aweza kuiandikia Companies House ili iiondoe anwani yake. Watoto wetu walio huko huombwa anwani na jamaa wengi. Wazazi, msiwasukume kukubali kwa simu za usiku.

Basi, je, tusimpe mtu anwani yetu tena kamwe? Hatusemi hivyo. Mtoto wa dada yako asiye na mahali pa kupokea cheti chake, mpe. Lakini aje aombe, nawe umjibu kwa maneno yaliyo wazi: ni kwa barua gani, na hata lini. Aandike "kupitia kwa" kama walivyofanya wazee wetu, wala asiandike kwamba akaa kwako. Akikataa kuandika hivyo, mwulize kwa nini. Jibu lake litakuonyesha mengi.

Nalo la kuombwa useme kwamba mtoto wa mwingine akaa kwako ili apate shule ya karibu, twajua ni zito, kwa kuwa walimu huombwa na watu wasioweza kuwakatalia, hata na wazee wa kanisa. Kama mtoto atakuja kukaa kweli, alale, ale, afuliwe nguo, sema ndiyo bila hofu. Kama atalala kwao na jina tu likae kwako, basi siku atakapougua shuleni wataitwa watu wasiojua alikunywa dawa gani jana. Mwambie baba yake maneno hayo hayo. Huenda akayaelewa kuliko maonyo.

Imebaki habari ya mzee wetu mwenye ufunguo. Sanduku la parokia yake latumiwa na watu asiowajua, na barua za benki zaja kwa majina ambayo hayamo katika kitabu cha waumini. Twamshauri aandike orodha ya wote walioruhusiwa, na kila mmoja atie sahihi mbele ya jina lake. Kila mwaka, kabla ya kulipa ada ya sanduku, orodha isomwe baada ya ibada. Aliyehama aondolewe, naye aarifiwe ili awaambie wanaomwandikia. Barua ya marehemu isirudishwe kimya kimya, apewe msimamizi wa mirathi, kwa kuwa huenda mna akiba ya watoto. Barua ya asiyemo katika orodha ikae siku kumi na nne, jina lake likibandikwa mlangoni pa ofisi, kisha irudi posta. Na ule ufunguo wa pili, ambao mzee atuambia uko kwa kijana aliyehamia Morogoro, uombwe urudishwe sasa, kabla ya barua za shule za Januari.